MATEMBEZI YA MBWA NA MAJINA YA WAFU

Mtu wa Homa Bay au Migori akiambiwa ya kuwa katika nchi nyingine watu hulipa fedha ili watembee barabarani pamoja na mbwa wao, aghalabu hucheka. Kwake mbwa hutembea bure. Humfuata mchungaji malishoni, humfuata mkulima shambani, humsindikiza mtoto mpaka lango la shule kisha hurudi peke yake, wala hapana aliyepata kumtoza senti. Walakini matembezi ya namna hiyo yako kweli huko Marekani, Uingereza na Australia, na fedha zitokanazo nayo si za mchezo. Hutumika kununua dawa za wanyama, kuwatunza mbwa wasio na wenyewe, na hata kusaidia kusimamisha makumbusho ya mbwa waliokufa vitani.

Mambo huendeshwa hivi. Kamati huchaguliwa, na mweka hazina hufungua hesabu katika benki. Kila atakaye kutembea hulipa kiingilio, au huchukua karatasi ya ahadi akaipitisha kwa jamaa na majirani, kila mmoja akiahidi kiasi fulani kwa kila maili itakayotembewa. Siku ikifika watu hukusanyika asubuhi mapema, mbwa wamefungwa kamba. Huja wazee, watoto, askari waliostaafu, na hata watu wasio na mbwa. Hutembea maili mbili tatu, hunywa chai, husikiliza hotuba fupi, kisha hesabu ya fedha hutangazwa mbele ya wote. Kwa mtu wa Nyanza jambo hili si geni sana. Ni harambee yenye mikia.

Mbwa wa Guam

Ili kufahamu kwa nini watu wazima hujitaabisha hivyo, yafaa kutazama kisiwa cha Guam, kilicho katika Bahari ya Pasifiki. Mwezi wa Julai mwaka 1944 askari wa Marekani walishuka huko ili kuwatoa Wajapani, nao walifuatana na mbwa waliofundishwa kazi ya vita. Mbwa hao walitangulia mbele ya kikosi, wakinusa adui aliyejificha mapangoni na vichakani. Usiku walilinda mahandaki, wakawaamsha askari kabla ya hatari kufika. Mbwa 25 walikufa katika kazi hiyo.

Kapteni William Putney, mganga wa mifugo aliyekuwa mkubwa wa kikosi kimoja cha mbwa hao, hakuwasahau. Miaka mingi baadaye aliyakuta makaburi yao hayatunzwi tena, akashughulika asichoke, mpaka mwaka 1994 ikasimamishwa huko sanamu ya shaba ya mbwa aliyelala macho yake yakitazama mbele, kazi ya Bibi Susan Bahary. Chini ya sanamu hiyo yamechongwa majina ya wale 25. Mmoja aliitwa Kurt, mwingine Skipper, mwingine Poncho. Yule aliyeyasoma majina hayo hawezi kusema tena kwamba walikuwa mbwa tu.

Katika vita vya Vietnam mambo yalikwenda vibaya zaidi. Mbwa wapatao 4,000 walitumika upande wa Marekani, na wengi wa askari waliokuwa nao husema ya kuwa wako hai kwa sababu ya pua ya mbwa. Lakini vita vilipokwisha, ni wachache tu waliorudishwa nyumbani. Jeshi lilikuwa likiwahesabu kuwa ni vifaa, kama majembe na mahema, na kifaa kisichohitajiwa huachwa. Wengine waliuawa, wengine walikabidhiwa jeshi la Vietnam ya Kusini. Askari waliokuwa wakiwaongoza walirudi makwao na uchungu huo moyoni, na baada ya miaka 25 na zaidi walichanga pamoja na wananchi wengine, na mwaka 2000 ukumbusho ukafunguliwa mjini Riverside, California. Mwaka huohuo Marekani ilitunga sheria ya kuruhusu mbwa wa jeshi aliyestaafu achukuliwe na mtu wa kumlea.

Uingereza nayo ilifungua mjini London, mwaka 2004, ukumbusho wa wanyama wote waliotumika vitani. Mbwa yupo, farasi yupo, na nyumbu wawili wa shaba wanapanda ngazi wakiwa na mizigo mizito migongoni. Ukutani wamechongwa ngamia, ndovu na njiwa, hata vimulimuli, ambao askari walitumia mwanga wao kusomea ramani gizani.

Wala Afrika ya Mashariki haikukosa mnyama wake wa kuheshimiwa. Huko Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, shirika liitwalo APOPO hufundisha panya buku kunusa baruti ya mabomu yaliyozikwa ardhini. Mmoja wao, jina lake Magawa, alizaliwa Tanzania akapelekwa Kambodia, nchi iliyojaa mabomu ya vita vya zamani. Alifichua zaidi ya mabomu 100, akapewa nishani ya dhahabu na chama cha Uingereza cha kutibu wanyama mwaka 2020, akiwa panya wa kwanza kupewa, naye akafa mwezi wa Januari mwaka 2022. Panya aliyezoea kufukuzwa ghalani kwa fimbo amevishwa nishani shingoni. Kuishi kwingi ni kuona mengi.

Swali la haki

Hapa mwenye akili atauliza swali, nalo ni la haki: Je, itakuwaje mbwa wajengewe sanamu, na binadamu waliokufa vitani wakae bila hata jiwe? Na wengine watakumbusha jambo la pili, kwamba katika Kenya mbwa wa serikali hakuwa rafiki wa kila mtu. Siku za Hali ya Hatari, baada ya mwaka 1952, polisi na majeshi walitumia mbwa wa kunusa nyayo kuwasaka wapiganaji wa Mau Mau misituni. Hilo ni kweli. Lakini mbwa hakuchagua upande. Alikwenda alikopelekwa na mwenye kushika kamba, na lawama au sifa ya safari ni ya huyo mwenye kamba. Jamaa zake mbwa hao ndio waliokuja Nairobi mwezi wa Agosti mwaka 1998 pamoja na waokoaji kutoka Israeli, wakanusa katika kifusi wakitafuta watu, baada ya bomu lililoua watu zaidi ya 200.

Swali la kwanza ndilo zito, nalo lahusu sana Homa Bay na Migori, nchi ambayo zamani iliitwa Kavirondo ya Kusini. Vita vya mwaka 1914 vilifika huko mapema kuliko sehemu nyingi za Kenya. Mwezi wa Septemba mwaka huo Wajerumani, ambao wazee waliwaita Wadachi, walivuka mpaka wakaingia Kisii, na kule Karungu, ambako leo ni Migori, meli ya Waingereza iitwayo Winifred ilipokaribia pwani ilifukuzwa na meli ndogo ya Wadachi, Muansa. Askari wa King's African Rifles waliletwa kwa meli wakashushwa Kendu, ambako leo ni Homa Bay, wakapanda kwa miguu mpaka Kisii. Tarehe 12 Septemba palipiganwa huko siku nzima. Kapteni Thorneycroft aliyewaongoza askari hao aliuawa, na jina lake limeandikwa vitabuni. Majina ya watu waliochukua mizigo ya vita vile ni shida kuyapata.

Mnyama alipokufa

Vita vilipohamia kusini mwaka 1916, farasi, nyumbu na ng'ombe wa kukokota magari walikufa maelfu kwa maelfu. Adui yao hakuwa na bunduki. Alikuwa ndorobo, yule nzi aletaye nagana kwa mnyama na malale kwa mtu. Wakaaji wa Bonde la Lambwe hawahitaji kufundishwa habari zake, maana kwa miaka mingi aliwanyima ardhi nzuri, akawaua ng'ombe wao na watu wao pia. Hata mbwa hamwachi: mbwa aliyeumwa na ndorobo mwenye vijidudu huingia ukungu mweupe machoni, hukonda, hupotewa na njia ya nyumbani, kisha hufa.

Basi mnyama alipokufa, mtu alishika mahali pake. Serikali ilihitaji migongo na vichwa vya kuchukua unga, risasi na dawa, ikaunda Carrier Corps, neno ambalo vinywa vya watu vililigeuza kuwa Kariakor huku Kenya na Kariakoo huko Dar es Salaam. Mwaka 1917 Bwana John Ainsworth, aliyekuwa mkuu wa Jimbo la Nyanza, aliwekwa juu ya kazi ya kuwakusanya watu, na machifu waliamriwa kutoa vijana. Nyanza ilitoa wengi mno. Mtu mmoja alichukua mzigo wa ratli 50 hivi, kwa mshahara wa rupia 5 au 6 kwa mwezi, akipita mvua na matope. Wengi hawakuuawa kwa risasi. Waliuawa na kuhara damu, homa ya mapafu, malaria, na unga ambao haukuiva. Vifo vilivyoandikwa vya wapagazi wa upande wa Waingereza ni zaidi ya 40,000, na wako wanahistoria waonao kwamba hesabu ya kweli yakaribia 100,000.

Mjini Nairobi, katika barabara iitwayo sasa Kenyatta Avenue, zimesimama tangu miaka ya 1920 sanamu tatu za shaba, na mmoja wa hao watatu ni mpagazi. Maandishi yako kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili. Jina la mtu hapana hata moja. Sanamu ile ni ya wote, kwa hiyo si ya mtu yeyote, mjukuu atokaye Karungu akisimama mbele yake hawezi kumwonyesha mwanawe kwa kidole na kusema, "Huyu ni wetu."

Wala hasara ya jina si ya heshima tu. Wapagazi wengi walipokufa, mishahara yao ilibaki haijalipwa. Jamaa hawakupatikana, serikali za Nairobi na London zikabishana miaka mingi juu ya fedha hizo, na mwisho wake hazikuwafikia wajane. Karani yeyote ajua ya kuwa mtu asiyeandikwa katika daftari hana dai.

Yago

Waluo wana desturi ambayo yafaa kukumbukwa hapa. Mtu akizama ziwani au akipotea vitani, na mwili wake usipatikane, jamaa zake hawaachi boma lake bila kaburi. Hutafuta yago, tunda refu na zito la mti uitwao mvungunya kwa Kiswahili, nao hulizika tunda hilo mahali pa mwili, kwa kilio na matanga kama desturi. Tena mzee akifa hufanywa tero buru: wanaume hutoka na ng'ombe na mikuki, wakienda mbio mpaka nje ya kijiji ili kufukuza mauti, kisha hurudi nyumbani. Kwa hiyo matembezi kwa ajili ya wafu si jambo lililoletwa na meli, wala kaburi lisilo na mwili si ajabu. Wazee walikuwa nayo yote mawili.

Lakini yago huzikwa kwa jina. Hapana boma lililopata kuzika yago la mtu asiyejulikana. Hili ndilo jambo ambalo wale wa Guam walilifahamu walipochonga majina 25, na ambalo waliojenga sanamu ya Nairobi hawakulifanya. Aliyeheshimu mbwa kwa jina hakumdharau binadamu. Dharau ni ya yule aliyekuwa na majina ya binadamu mkononi asiyaandike.

Ulimwengu umeanza kukiri kosa hilo. Mwezi wa Aprili mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa taarifa ikikubali kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao wa Afrika na Mashariki ya Kati, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, na serikali ya Uingereza ikaomba radhi Bungeni. Mwezi wa Januari mwaka 2025 ukumbusho ulifunguliwa mjini Cape Town kwa ajili ya Waafrika Kusini weusi zaidi ya 1,700 waliotumika bila bunduki katika vita vile, kila mmoja akiwa na nguzo yake ya mti yenye jina lake. Majina yalipatikana kwa sababu karatasi zilitafutwa, zikasomwa moja moja.

Kazi ya miguu na ya kalamu

Je, watu wa Homa Bay na Migori wangeweza kufanya nini? Lau pangefanywa matembezi kutoka ufuko wa Kendu, mahali waliposhuka askari mwaka 1914, na mengine kutoka Karungu, watu wakaja na mbwa wao kama wafanyavyo wa nchi nyingine, jambo hilo lingewavuta watoto na kuwafurahisha wazee. Lakini kiingilio kilicho bora kuliko shilingi kingekuwa jina. Kila nyumba ingeleta karatasi yenye mambo machache: jina la aliyekwenda Kariakor, jina la baba yake, ukoo wake na mahali alipokaa, alirudi au hakurudi, na nani aliyesimulia habari hiyo. Wajukuu wa watu wale sasa ni wazee wenye mvi. Wakifa kabla ya kuulizwa, hapana daftari litakalojazwa tena.

Walimu na makarani ndio wafaao kwa kazi hii. Majina yaandikwe mara tatu: nakala moja ikae shuleni, moja ofisini kwa chifu, na moja ipelekwe penye hifadhi ya kumbukumbu, ili mchwa wakila moja nyingine zibaki. Fedha zikipatikana, stakabadhi itolewe kwa kila mchango, hata ule uliotumwa kwa simu, na hesabu isomwe hadharani siku ileile. Harambee nyingi zimekufa kwa sababu mweka hazina alikuwa peke yake na sanduku.

Tena jambo moja la hadhari. Kukusanya mbwa wengi mahali pamoja bila chanjo ni kuchezea moto. Kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 kila mwaka ulimwenguni, na karibu wote huambukizwa na mbwa. Kenya ilijiwekea mwaka 2014 mpango wa kuondoa vifo hivyo ifikapo mwaka 2030. Kwa hiyo Bwana Mifugo aitwe wiki kadhaa kabla ya siku yenyewe, kila mbwa achomwe sindano, na asiye na cheti abaki nyumbani. Mtu akiumwa, jeraha lioshwe mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka muda wa dakika 15, kisha aende hospitali siku ileile bila kungoja kuona kama mbwa atakufa. Ugonjwa huo ukisha kuonekana kwa mtu, karibu haponi tena.

Hata kama ukumbusho wenyewe ungechelewa, matembezi ya namna hiyo yangekuwa yameacha mambo mawili: mbwa waliochanjwa, na daftari lenye majina. Jiwe laweza kuja baadaye, maana jiwe halizeeki. Mzee ajuaye jina la aliyekwenda asirudi ndiye ambaye hana muda wa kungoja, naye yafaa aulizwe leo, kabla jua halijatua, na mtoto ajuaye kuandika.